Wale mibonge wasiogusa mpira wanalipwa kwa lipi?

Mgeni_wa_Akron: Wakuu, habari za usiku. Nina miezi mitano hapa Ohio, na kazini kila Jumatatu gumzo ni huu mpira wao wa umbo la yai. Nimeanza kuuzoea, ila kuna wale mabwana watano wanaoinama mbele, matumbo kama mapipa. Mpira hawaushiki, hawafungi. Sasa hayo mamilioni ni ya nini?

Fundi_Bomba: Ya kuzuia mrushaji asivunjwe mbavu. Basi.

Baba_Zuhura: Subiri mdogo wangu, mimi niliingia Cleveland 2008 na mmoja wao nimemtazama miaka kumi. Joe Thomas wa Browns, timu ya hapa Cleveland, jezi 73. Siku timu zinagawana vijana wapya wa vyuo, 2007, naye akachaguliwa wa 3 nchi nzima, hakwenda New York kuvaa suti na kupiga picha. Alikuwa Ziwa Michigan na baba yake, wanavua samaki. Nilimpenda kwa hilo tu.

Yeye alisimama kushoto. (Jina la nafasi yake kwa Kiingereza silitamki mbele ya mama mkwe, maana linakaribia mno neno letu la makalio.) Mrushaji wa mkono wa kulia akijipinda kurusha, mgongo wake unabaki upande huo, haoni kinachokuja. Na kinachokuja ni jitu la kilo 120 lenye mbio za mwizi wa kuku. Hilo ndilo la Thomas.

Sasa sikia. Tangu mechi yake ya kwanza, kila Browns walipoanzisha shambulizi alikuwemo, mara 10,363 bila kutoka hata moja. Mpaka 22 Oktoba 2017, tukicheza na Titans, msuli wa nyuma ya mkono wa kushoto ukachanika. Mke wangu, ambaye hata rangi za timu hazijui, aliniuliza mbona nimesimama katikati ya sebule.

Timu yenyewe ilikuwa balaa. Msimu huo walifungwa mechi zote 16.

Fundi_Bomba: Kumbe shujaa wako hakucheza hata mtoano!

Baba_Zuhura: Hata mmoja. Na bado misimu yake 10 ya kwanza aliitwa yote kwenye kikosi cha nyota, na 2023 wakamwingiza kwenye Jumba la Mashujaa wa mpira huu pale Canton. Wenye pete za ubingwa wangapi wanalichungulia dirishani?

Nesi_Salma: Kaka, na ule mwili? Magoti je?

Baba_Zuhura: Dada, kula ilikuwa sehemu ya kazi, njaa iwepo isiwepo, kilo zisishuke chini ya 135. Alipostaafu 2018 akapunguza zaidi ya 20. Ukimwona leo utadhani mwalimu wa kuogelea.

Mgeni, Jumapili achana na mpira. Mkazie macho wa kushoto tu.

Mgeni_wa_Akron: Nimejaribu leo, mzee. Mechi imeisha sijui hata nani kashinda.