Kitabu ulichosoma karibuni kimekuachia nini? Tupeane uzoefu

Msomaji wa Langoni, Lamu
Assalam alaykum nyote. Kila aliyemaliza kitabu siku hizi atuambie kimemwachia nini. Mambo ya wahusika, maudhui na tamathali tuliyamaliza shuleni. Hapa sema ulivyokiona wewe.

Naanza na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na Aziz, tajiri anayemjua kama ami yake. Anadhani anakwenda kutembea, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Aziz hapigi kelele wala hatukani, na ananukia vizuri. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Zamani alipokuwa akija kwao, kila akiaga alimtilia Yusuf sarafu ya anna kumi mkononi, na mtoto akiisubiri kwa hamu. Nilipofika pale deni linapojulikana, nilirudi kurasa za mwanzo kuisoma tena hiyo sarafu. Iliniuma sana.

Safari ya msafara kwenda bara ni ndefu, na mwenzangu mmoja barazani asema ilimchosha. Mimi ningeongezewa, ningesoma.

Fundi wa nguo, Malindi
Mimi ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Nilikuwa nikiifungua kila mteja akichelewa kuja kupimwa, mwisho ikawa wateja ndio wanaonisubiri nimalize ukurasa. Yasmin anaozwa Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa babake, na nyumba nzima inaona ni heri. Wengi humsifu Denge, mpigania uhuru. Nami namheshimu, lakini kitabu kile ni cha Mwajuma. Yasmin amemkimbia Raza, jamaa zake wamemkana, na anayemfungulia mlango ni mwanamke asiye na mali wala ukoo wa kujivunia. Ningependa mwandishi angekaa naye zaidi na mikutano ya siri ya akina Denge akaipunguza.

Kijana wa Mpeketoni
Siku Njema ya Ken Walibora. Nilisikia imesifiwa tangu utotoni, nimeisoma mwaka huu kwenye boti na kwenye basi. Kiswahili kitamu mno. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua, na kila anapokaribia kukata tamaa anatokea mtu wa kumfaa. Sadfa zimezidi, lakini sikutaka kiishe.

Nahodha, Pate
Kiingereza kirefu sikiwezi. Binti yangu alirudi likizo na The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2019, akawa ananisomea usiku huku akinieleza. Kwa kuwa kisa ni cha Pate yetu, nilitega sikio.

Ayaana ni mtoto anayemngoja baba asiyekuja, mwisho anamchagua Muhidin, baharia mtu mzima, awe babake. Hapo nilimwambia binti asome tena. Muhidin anamfundisha bahari, na ndivyo mtoto anavyofunzwa bahari kweli: kwa kukaa karibu na anayeijua, kuangalia rangi ya maji na kujua kusi limeanza lini, kabla hajaambiwa neno. Baadaye Ayaana anapelekwa China kwa ajili ya ile habari tuliyoikuta kwa wazee, ya merikebu ya Kichina iliyovunjika karibu na kisiwa na mabaharia wakaoa huku. Si jambo la kutungwa tu, mwaka 2005 msichana wa kwetu alipata nafasi ya kusoma China kwa habari hiyohiyo.

Kasoro ninayo. Pate ya kitabuni imejaa majonzi na watu waliotupwa. Pate ninayoishi ina majonzi, na pia ina maulidi, harusi za siku kadhaa na watu wanaocheka barazani mpaka usiku. Hizo nilizitafuta sana nisizione za kutosha.

Bibi wa Mkomani
Nimemsomea mjukuu wangu Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Vijana huniambia ni utendi wa kuwafunza wanawake kunyenyekea waume. Mimi naona mama mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, ameshafariki, maradhi yamemshika yeye mwaka mzima, na anamwita bintiye asogee na wino na karatasi kwa sababu hajui atakuwapo hadi lini. Hakuishi sana baadaye. Kila nikifika kwenye wino na karatasi sauti hunikatika.

Mwanafunzi wa chuo, Malindi
Shikamoo bibi. Mwanzo ule hata mimi uliniliza. Ila pale anaposema mume akilala umpapase na upepo asikose, nilisimama. Na mke akichoka, nani atampepea?

Bibi wa Mkomani
Marahaba mwanangu. Umeuliza la haki. Mama humpa mwanawe silaha anazozijua, na yeye hizo ndizo alizokuwa nazo. Wewe zako uandike pia, utupe tusome.

Fundi wa nguo, Malindi
Msomaji wa Langoni, mimi Peponi niliimaliza na mwisho wake siukubali. (Asiyesoma aruke hapa.) Yusuf amekataa utumwa wa Aziz, halafu anawakimbilia askari wa Wajerumani? Mtoto mzuri namna ile, mwandishi amemtupa.

Msomaji wa Langoni, Lamu
Dada yangu, hakumtupa. Angalia alichobakiwa nacho: kwao hakuna wa kumrudia, Amina anayempenda ni mke wa Aziz, hawezi kuwa wake, na Khalil, mwenzake wa dukani, amekwisha kuchagua kubaki. Akikaa dukani anakuwa Khalil wa pili, anauza na kusema ndiyo bwana mpaka uzee. Gurnah angeweza kumpa jahazi limpeleke kwa mamake, tukafurahi sote, na ingekuwa uongo. Wengi wa pwani hii waliingia vita vile vya Wajerumani na Waingereza hivyohivyo, kwa kukosa mlango mwingine. Kisome tena kuanzia pale anapozungumza na Khalil juu ya kuondoka, kisha uniambie ungempeleka wapi.