Patografu inajazwa baada ya mama kujifungua: tufanye nini?

Swali: muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi, Kanda ya Ziwa

Ndugu zangu wakunga na waganga, naomba ushauri wenu katika jambo linaloninyima usingizi kwa mwezi mzima sasa. Ninasimamia wodi ya wazazi katika kituo cha afya ambako usiku anakuwapo mkunga mmoja na mhudumu wa afya mmoja, na mara nyingi huwa na akina mama wanne au watano walio katika uchungu kwa wakati mmoja. Machoni pa wakaguzi tuko vizuri: kila wanapokuja wasimamizi kutoka halmashauri huchomoa majalada machache, hukuta patografu (karatasi za kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto) zimejazwa, hutupongeza na kuondoka.

Mwezi uliopita mtoto mmoja alizaliwa amechoka sana. Hakulia, na ilibidi asaidiwe kupumua kwa ambu, yaani mfuko wa kusukumia hewa, kwa dakika kadhaa kabla hajaanza kuhema mwenyewe. Tunamshukuru Mungu alipona. Kesho yake nilikaa na jalada la mama yake. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameandikwa kila nusu saa, 140, 140, 138, 140, hadi dakika ya kuzaliwa, kwa kalamu ile ile na mwandiko usioyumba hata kidogo. Mtu aliyekesha akitoka kitanda hiki kwenda kile haandiki hivyo. Nikachukua majalada mengine 10 ya wiki ile, na katika 7 nikakuta hali hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba karatasi ile hatuitumii kumwangalia mama, bali kuwaridhisha wanaotukagua, na mimi mwenyewe nimeshiriki kosa hilo, kwa sababu nami nimekuwa nikiwakumbusha wenzangu "wamalizie majalada" siku moja kabla ya ukaguzi.

Mganga mfawidhi anataka watu wapewe barua za onyo. Naogopa kwamba barua zitawafanya wafiche kwa ustadi zaidi. Je, kuna aliyewahi kuibadili hali hii katika wodi yake, na alianzia wapi?

Jibu la 1: mkunga, Pwani ya Kenya

Dada yangu, pole, na hongera kwa kulitazama jalada lile kwa jicho la mkunga badala ya jicho la mkaguzi. Sisi tulikuwa hapo hapo ulipo, na kilichotusaidia ni kwamba kabla ya kumlaumu mtu tulifuata safari ya karatasi yenyewe. Nilimwomba mkunga mmoja anionyeshe anavyofanya tangu anapomaliza kumsikiliza mtoto hadi anapoandika. Alitoka kitandani, akavuka korido, akaingia ofisini, akafungua droo lilimo jalada, akatafuta kalamu, na alipotaka kuandika saa akakumbuka kwamba saa ya ukutani iko chumba kingine, naye simu yake ameifungia kabatini. Alipofika katikati ya safari hiyo mama mwingine akamwita. Akaandika kiganjani kwa kalamu, na baadaye akanawa mikono, kama inavyotakiwa, tarakimu zikaenda na maji.

Basi tulijaribu jambo dogo sana: ubao wa kushikizia karatasi ukatundikwa kwenye kitanda chenyewe, kalamu ikafungwa kwa uzi, na saa ya ukutani ikahamishiwa mahali inapoonekana kutoka vitanda vyote. Hatukutangaza kwa wodi nzima. Tulianza na mkunga mmoja, zamu moja, mama mmoja. Uzi ulikuwa mfupi, kalamu haikufika chini ya karatasi, tukaurefusha. Siku iliyofuata tukajaribu na akina mama wawili. Huu ndio mzunguko wa kupanga, kutenda, kuchunguza na kurekebisha unaofundishwa kwenye semina, ila kwenye semina huchorwa kama mpango wa mwaka mzima, ilhali mzunguko mmoja unaweza kuisha kabla ya zamu kubadilishwa.

Jambo la pili, nalo ndilo naliona kubwa kuliko yote: tulikubaliana kwamba nafasi tupu inaruhusiwa. Usipomsikiliza mtoto saa nane na nusu, acha pale patupu, na hakuna atakayekuuliza kwa ukali. Tukahesabu kitu kimoja tu, yaani vipimo vingapi vya mapigo ya moyo vimeandikwa papo hapo, tukawa tunachora kwa mkono kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani. Wiki ya kwanza mstari ulishuka vibaya. Msimamizi wetu alishtuka, ikabidi tumweleze kwamba huduma haikushuka, ila kwa mara ya kwanza tulikuwa tunaiona ilivyo.

Jibu la 2: daktari wa wilaya, Nyanda za Juu Kusini

Naunga mkono aliyotangulia kusema mkunga wa Pwani, na ningependa kuongeza jambo ambalo wengi hatukufundishwa chuoni. Patografu tunayoitumia, yenye mstari wa tahadhari (uchungu umeanza kuchelewa) na mstari wa hatua (lazima jambo lifanyike), haikubuniwa kwa ajili ya takwimu. Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 kutokana na kazi yao kule Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, wakimfikiria mkunga aliye peke yake katika kituo cha pembezoni kisicho na daktari. Walitaka ajue mapema, kwa kutazama karatasi tu, kwamba uchungu umeanza kusuasua na kwamba muda wa kumsafirisha mama bado upo. Ndiyo maana waliacha saa nne kati ya mstari mmoja na mwingine. Kifaa hiki kilizaliwa katika mazingira kama yetu, na kikaja kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2020 lilitoa karatasi mpya ya kufuatilia uchungu inayohesabu hatua ya uchungu mkali kuanzia njia ya uzazi inapofunguka sentimita 5 badala ya 4.

Kwa hiyo swali langu kwako, sista, ni hili: mkunga wako anapoona mstari wa tahadhari umevukwa, au mapigo ya mtoto yameshuka chini ya 110, nini hutokea? Akimpigia simu mwenye zamu ya upasuaji, simu inapokelewa? Gari la wagonjwa lina mafuta? Kama mara tatu amepiga na mara tatu akaambiwa asubiri asubuhi, basi wodi imekwisha kumfundisha kwamba kuandika hakubadili chochote, na mtu mwenye akili timamu aliyezidiwa na kazi ataliahirisha kwanza lile lisilobadili chochote. Nimewahi kuwa mimi niliyepigiwa simu hizo, na nasema haya kwa uchungu. Tulipoanza kuandika kwenye daftari saa ya kupigiwa simu na saa ya daktari kufika kitandani, tatizo lililoonekana halikuwa la wakunga.

Barua za onyo usizikubali. Zitakunyang'anya habari pekee unazozihitaji.

Jibu la 3: muuguzi wa zamu za usiku, Dodoma

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu yote yaliyosemwa, lakini naomba tuhesabu pamoja. Akina mama watano walio katika uchungu mkali, kila mmoja mtoto wake asikilizwe kila nusu saa, ni mara 10 kwa saa moja. Kumsikiliza vizuri kwa fetoskopu, kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, baada ya mkazo wa uchungu kupita, ni dakika nzima. Ongeza kunawa mikono, kumweka mama vizuri, kumpa neno la kumtuliza, na kuandika, hazipungui dakika tatu au nne. Hizo ni dakika 30 hadi 40 katika kila saa kabla hujampima yeyote presha, hujazalisha, hujamshona aliyechanika, na hujamwangalia aliyejifungua saa moja iliyopita ambaye huenda anatoka damu. Kalamu yenye uzi ni nzuri, nami nitaiiga. Hata hivyo, tusiutumie uboreshaji wa huduma kufunika upungufu wa watumishi. Hesabu hii iandikwe na ipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya, ikiambatana na patografu zenye nafasi tupu, kwa sababu karatasi iliyojazwa uongo inamwambia mwajiri kwamba mkunga mmoja anatosha.

Wakati mkisubiri, kubalianeni ni mama yupi asikose kusikilizwa kwa hali yoyote: mwenye presha, mwenye maji machafu (yaliyochanganyika na kinyesi cha mtoto), mwenye kovu la upasuaji, aliyepita mstari wa tahadhari. Nasi tulimfundisha mhudumu wa afya kuangalia saa na kutukumbusha. Si kazi ya kitaalamu, na aliifanya kwa moyo kuliko tulivyotarajia.

Jibu la 4: aliyekuwa katika timu ya uboreshaji, Mbeya

Mimi nina neno moja tu. Hapa Mbeya, hospitali ya rufaa ilianza mapema, mwaka 2007, mfumo wa S tano wa kupanga mahali pa kazi, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, na nchi nzima ilikuja kujifunza. Nimefanya kazi hiyo katika vituo vingine, nikaona kwamba S ya tano, Shikilia, ndiyo inayotushinda. Timu iliyoundwa kwa semina na posho hufa posho inapokwisha. Iliyodumu ni ile iliyokutana dakika 10 wakati wa kukabidhiana zamu, wakiwa wamesimama mbele ya ile karatasi ya ukutani, mhudumu na mfanya usafi wakiwamo.

Muuliza swali

Nawashukuru wote. Jana nilizungumza na mkunga wa usiku ule, tukiwa wawili tu, nikamweleza kwanza kosa langu la kuwaambia "wamalizie". Alinyamaza, kisha akaniambia kwamba alimsikiliza mtoto yule mara mbili, na mara ya pili mapigo yalikuwa 100. Alipiga simu, haikupokelewa. Wakati huo mama wa kitanda cha tatu alikuwa anasukuma. Asubuhi aliogopa, akaandika 140.

Nimemwomba mganga mfawidhi asitishe barua, na amekubali kwa mwezi mmoja. Jumatatu tunaanza na kitanda kimoja, kile kilicho karibu na mlango, na mkunga huyo huyo ameomba awe wa kwanza. Daftari la simu nitalishika mwenyewe.