Mdogo wangu kahukumiwa kwa majeraha ya ulevi barabarani na kushambulia kwa gari, tunataka kukata rufaa, tuanzie wapi?

DadaMkubwa
Wakuu habari zenu. Wenye uelewa wa kesi za jinai naombeni msaada maana nyumbani hakukaliki. Mdogo wangu walitoka kunywa, yakatokea maneno na jamaa mmoja, dogo akaingia kwenye gari akaondoa kwa kasi akamgonga yule jamaa akavunjika mguu, na kuna binti alikuwa kasimama pembeni akaumia bega. Wamemtia hatiani kwa kusababisha majeraha akiendesha amelewa, kwa wote wawili, afu juu yake kosa la kumshambulia yule jamaa kwa gari, yaani kwamba alikusudia na gari ndio ilikuwa silaha. Kulewa hakatai. Anachosema ni kwamba alikuwa anakimbia ugomvi, hakumlenga mtu. Damu ilipimwa hospitali wakati anashonwa, saa kadhaa baada ya tukio. Adhabu ya kushambulia ndio kubwa na wamesema atumikie moja baada ya nyingine.

Ndugu wamegawanyika, baba mdogo anataka tuandike barua ya kuomba huruma, wengine wanataka tukatafute mashahidi wapya. Wale watu wameumia kweli na roho inaniuma kwa ajili yao, siombi dogo aachiwe hivihivi. Nataka aadhibiwe kwa alichofanya, sio zaidi.

MzeeWaFaili
Pole sana mwanangu. Kabla ya yote NOTISI YA RUFAA, ile karatasi ya kuijulisha mahakama kwamba mnakata rufaa. Siku ni chache, kuna nchi wanatoa 10, kuna 14, Uingereza kwa hukumu za Crown Court, mahakama yao ya makosa makubwa, ni 28, kwahiyo muulizeni karani wa mahakama au wakili leoleo, na msikae kusubiri nakala ya hukumu ndio mtoe notisi, wengi wameliwa hapo. Kama dogo yuko gerezani na hana wakili, aulize ofisi ya gereza, sehemu nyingi notisi inapitia kwao.

La pili, rufaa sio kusikiliza kesi upya. Majaji wanasoma mwenendo wa kesi, nani alisema nini, kielelezo gani kilipokelewa na kama kilipingwa, wanaangalia kama sheria ilikosewa au ushahidi haukutosha. Barua ya huruma haina kazi hapo. Shahidi mpya anakubaliwa kwa shida sana, lazima muonyeshe kwanini hakuletwa mwanzo. Ombeni kumbukumbu zote za mwenendo, sio hukumu peke yake.

Binti_Maabara
Mimi niongelee damu maana hapo kuna cha kusoma kwa makini. Hospitali nyingi hazipimi damu nzima, zinapima seramu, ile sehemu ya maji maji baada ya chembe kutolewa, na seramu ina maji mengi zaidi kwahiyo pombe inasoma juu, mara nyingi kama asilimia 10 hadi 20 kuliko damu nzima. Sheria nyingi kiwango chake ni cha damu nzima, mfano miligramu 80 kwa mililita 100. Angalieni kama mtaalamu alibadilisha hesabu au aliisoma kama ilivyo.

Afu kama walirudisha hesabu nyuma kutoka saa ya kupima hadi saa ya kugonga, mwili unapunguza kama miligramu 10 hadi 25 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa na kila mtu na wake, na kama glasi ya mwisho ilikuwa muda mfupi kabla ya kuondoka basi pombe ilikuwa bado inapanda, hesabu inaweza kudanganya. Ila dada niseme ukweli, kama kipimo kilikuwa juu sana hizi hoja hazitamuokoa, na yeye mwenyewe kakubali alilewa.

Kasri77
@Binti_Maabara umenena. Kwa mtazamo wangu nguvu msiweke kwenye ulevi, wekeni kwenye lile la kushambulia. Kosa la majeraha ya ulevi mara nyingi halihitaji kuthibitisha kwamba alitaka kuumiza, inatosha aliendesha, alilewa, na ulevi wake ukaleta majeraha. Kushambulia kunahitaji hali ya akili: alikusudia, au sehemu zingine alijua hatari akapuuza. Sasa someni sheria yenu inadai lipi, maana kama kujua hatari na kupuuza kunatosha mko pabaya. Na msije na hoja ya "alilewa hakujijua", Uingereza kwenye kesi ya Majewski mwaka 1976 majaji wa House of Lords, mahakama yao ya juu kabisa wakati huo, walisema ulevi wa kujitakia sio kinga kwa makosa yasiyohitaji kusudio maalum, na nchi nyingi zilizorithi sheria zao zinafuata njia hiyo hiyo.

Tafuteni kwenye mwenendo: gari ilikata kona kumfuata au ilienda moja kwa moja kwenye njia ya kutokea? Alishika breki? Kuna shahidi aliyesikia akitishia "nitakugonga"? Mchoro wa eneo unasemaje?

Halafu yule jamaa wa mguu, tendo ni moja na hukumu mbili. Marekani tangu kesi ya Blockburger ya 1932 wanauliza kama kila kosa lina kitu cha kuthibitisha ambacho lingine halina. Kwenu kipimo kinaweza kuwa tofauti ila hoja ya adhabu zote mbili kufuatana kwa jeraha lilelile ipelekeni. Kwa yule binti haiwasaidii, huyo ni mwathirika mwingine.

Niligongwa_Nikapona
Dada nashukuru umewakumbuka walioumia, mimi nilikuwa upande huo. Naomba kitu kimoja, msimfuate yule jamaa mkamwomba abadili maneno. Anaogopa, na hiyo ni kesi nyingine mpya. Kama mnataka kusaidia matibabu pitieni kwa mawakili, na msiambatanishe na masharti.

DadaMkubwa
Asanteni sana, nimesoma yote tumbo limetulia kidogo. Niligongwa nimekuelewa, hatumfuati mtu. Mzee, dogo anaweza kupata dhamana huku rufaa inaendelea? Na ni kweli tukikata rufaa wanaweza kumuongezea adhabu?

MzeeWaFaili
Dhamana inaombwa, ila baada ya hukumu ni ngumu, wanataka waone rufaa ina nafasi kubwa ya kushinda. Kuongezewa, ndio, baadhi ya nchi mahakama ya rufaa ina mamlaka hayo, hasa upande wa mashtaka nao wakikata, kwahiyo muulizeni wakili kabla hamjaigusa adhabu. Notisi peleka kesho asubuhi, na kopi iliyogongwa muhuri baki nayo.