Wiki za mwisho za kujitolea chuoni ugenini: nishike lipi, niache lipi?

Mkufunzi Mgeni
Habari zenu, ndugu. Ninajitolea kufundisha kompyuta katika chuo kilichopo kijijini, mbali na nchi yangu, na muda wangu unaelekea ukingoni. Pamoja na vipindi vya darasani, ndiye niliyekuwa nikisimamia maabara ya kompyuta, na orodha ya vitabu vya maktaba niliiingiza katika programu ya Koha. Sasa mkuu wa chuo anataka niwafundishe wakufunzi wote kutumia Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, kabla sijaondoka, wanachuo wanaomba vipindi vya ziada vya kujiandaa na mitihani, na mwenzangu atakayebaki na maabara amebanwa na ratiba hata hatupati nafasi ya kukaa pamoja. Isitoshe, baadhi ya wanachuo wananiuliza kama nitarudi na kama nitawasaidia karo. Nianze na lipi, na lipi nilikatae?

Mzee wa Maabara
Kwa maoni yangu, Moodle isianzishwe sasa. Kuiweka si kazi kubwa, kazi ni kuilea: inahitaji mtu wa kuiwekea matoleo mapya, kuhifadhi nakala rudufu na kuwafungulia watu akaunti kila muhula, na mtu huyo hujamtaja. Muda uliobaki mpe mwenzako. Usimpe kitabu cha maelekezo ukadhani umekabidhi. Mwachie funguo, afungue maabara na kuendesha kipindi mwenyewe, nawe ukae kwenye benchi la wanachuo na mikono yako mfukoni. Atakapokwama ndipo utakapojua cha kuandika.

Kuna mambo madogo ambayo wewe huyafanya bila kufikiri. Kwa mfano, kompyuta ya zamani ambayo saa yake hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika mara nyingi imeishiwa betri ile ndogo ya duara, CR2032, iliyopachikwa ndani. Tarehe ikikosewa, tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana si halali, na watu hudhani intaneti imekufa. Asiyejua hilo ataiweka kompyuta nzima stoo.

Hakikisha pia kwamba akaunti kuu ya Koha haikuandikishwa kwa barua pepe yako wala namba yako ya simu. Ihamishie kwenye anwani ya chuo, kisha mwenzako abadilishe nenosiri ukiwa umegeuza uso. Katalogi yenyewe itolewe nakala katika muundo wa MARC, ambao programu nyingi za maktaba huusoma, ili hata Koha ikiachwa siku moja, kazi ya kuandika vitabu isianze upya.

Mwenyeji
Ninaandika nikiwa upande wa wanaobaki, kwani chuo chetu hupokea wageni wa kujitolea mara kwa mara. Kuhusu karo, usimwahidi mwanachuo mmoja mmoja, hata yule unayemwonea huruma kuliko wengine, maana habari huenea bwenini usiku huohuo na asubuhi utakuta foleni mlangoni. Ukijaliwa kuchangia, pitia uongozi wa chuo, na ufanye hivyo baada ya kuondoka. Kuhusu kurudi, sema hujui, kama kweli hujui. Wanachuo ni watu wazima na wamezoea kuagana. Kinachowaumiza ni «nitarudi» isiyo na mwaka.

Msaada mkubwa zaidi ni alama. Mgeni mmoja aliwahi kutuachia darasa zima bila alama za tathmini endelevu, kwa sababu zilikuwa katika kompyuta yake naye alikuwa njiani. Kabidhi alama ofisi ya taaluma zikiwa zimetiwa sahihi, pamoja na maazimio ya kazi yanayoonyesha mada ulizomaliza na zile ulizoruka. Barua za utambulisho kwa wanaotafuta kazi nazo ziandike sasa, ungali unazikumbuka sura zao.

Mratibu Mstaafu
Nakubaliana na Mzee wa Maabara, isipokuwa sioni busara kumjibu mkuu wa chuo kwa «haiwezekani» mbele ya watu. Mwombe nafasi ofisini, umweleze kwamba kipindi cha kuondoka ni sehemu ya kazi yenyewe. Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea lililoanzishwa mwaka 1961, huwakutanisha watu wake miezi kadhaa kabla ya muda wao kwisha ili wajiandae kwa hilo tu. Kisha peleka pendekezo: wewe uchukue baadhi ya vipindi vya mwenzako, naye apate saa za kukaa maabara. Vipindi vya ziada viwe vya mada za mtihani pekee, na vifundishwe naye, wewe ukimsaidia. Usisahau kibali chako cha ukaazi. Kikiisha kabla ya siku ya safari, utashinda kwenye ofisi za uhamiaji wakati ambao ungekuwa unakabidhi.

Mkufunzi Mgeni
Nawashukuru nyote. Nimeonana na mkuu wa chuo, naye amekubali vipindi vibadilishwe, na suala la Moodle limesogezwa hadi apatikane wa kulisimamia. Mwenzangu ataanza kushika funguo Jumatatu. Alama za mwaka wa pili bado ninazo, nitazipeleka ofisi ya taaluma kesho.