Naomba ushauri: bingwa wa afya ya akili tumbakishe vipi mkoani?

Wakuu, naombeni ushauri. Bingwa wa afya ya akili Tanzania husoma udaktari miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, kisha shahada ya umahiri miaka 3. Miaka 9, hata asipokaa kazini katikati! Uchungu ni kumpoteza baadaye: hospitali ya mkoa anakuta hana mwanasaikolojia, muuguzi wa akili ni mmoja, haloperidol (dawa ya magonjwa ya akili) inakatika, simu za usiku zote zake. Anaomba uhamisho Dar. Mkataba wa kumbana hautoshi.

Je, tuwapange wawili wawili, au tuanze kufundisha matabibu wa vituo vya afya kwa mhGAP, mwongozo wa WHO wa kutibu magonjwa ya akili pasipo na bingwa, bingwa akiwatembelea kila mwezi? Mliojaribu, ziara hizo hukwama wapi: mafuta, posho, au waliofundishwa kuhamishiwa wodi nyingine?