Ushuru tunalipa kila asubuhi, choo cha soko kimefungwa miezi 7. Hela inakwenda wapi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Nauza nyanya na vitunguu soko la wilayani kwetu, mwaka wa 9 sasa. Kila asubuhi, kabla sijapanga hata fungu moja, mkusanya ushuru kashafika na POS yake, ile mashine ya kutolea risiti: mia tano. Ukisema hujauza bado, anabeba mizani yako. Meza zinazidi 200. Pigeni hesabu, ni zaidi ya laki moja kwa siku, na hapo sijagusa magari yanayoshusha mizigo.

Choo cha soko hilohilo kimejaa, kimefungwa miezi 7. Akina mama tunavuka barabara kuomba kwa watu, tena kwa kulipia. Mvua ikinyesha tunauza ndani ya tope. Tukiuliza tunajibiwa bajeti hairuhusu. Miezi 7!

Kinachoniuma zaidi ni risiti. Mara mashine haina chaji, mara karatasi zimeisha, lakini mia tano yako inachukuliwa. Hela hiyo haisomi kwenye mfumo, nani ataidai? Wenyewe wanaiita fedha mbichi, inaliwa kabla haijafika benki. Wala si kwetu tu. Ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeandika sana habari ya makusanyo yasiyopelekwa benki, wabunge wa LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, wakawahoji wakurugenzi wa halmashauri, na hoja zilezile zinarudi.

Halafu kuna mikopo ya halmashauri ya asilimia 10: wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Inatoka kwenye mapato haya haya ya ndani. Kikundi chetu kiliomba. 2023 serikali ikasimamisha, maana hela zilikuwa zinakwenda kwa vikundi hewa na marejesho hayarudi. 2024 ikaruhusu tena, tukaomba upya, sasa tunaambiwa makusanyo ni madogo. Yatakuwaje makubwa kama yanaishia mifukoni? Wanaoila mia tano yangu asubuhi ndio wanaoninyima mkopo jioni.

Baraza la madiwani linakaa wiki ijayo, tunakwenda kusikiliza, kila mmoja na risiti zake chache alizopewa. Naomba msaada kwa aliyewahi kudai taarifa ya makusanyo ya soko lake akapewa: barua uliipeleka kwa mtendaji wa kata, au kwa mkurugenzi moja kwa moja?