Mrejesho: Kwa nini "Public Enemies" inaonekana kama video

Niliuliza kwa nini filamu ya Public Enemies (2009) ya mwongozaji Michael Mann, kuhusu jambazi wa benki John Dillinger, inawagawa watazamaji: wengine wanaihusudu, wengine wanasema inafanana na taarifa ya habari. Asanteni, maelezo yenu kuhusu kamera yamenyoosha mambo. Ilipigwa kidijitali, na gizani shata (kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) ikikaa wazi muda mrefu, kitu kinachokwenda kasi huacha ukungu. Televisheni nyingi huzidisha mwonekano huo wa video kwa kulainisha mwendo wa picha, kwa hiyo ingia mipangilio ya picha, zima kulainisha mwendo, kisha chagua hali ya sinema. Mapigano ya usiku msituni yanapendeza mno hapo.

Historia ndiyo inayoniuma. Filamu inawaua majambazi Floyd na Nelson kabla ya Dillinger, ilhali yeye aliuawa Julai 22, 1934, Floyd Oktoba, Nelson Novemba. Hapo walalamikaji wana haki.